Muulize Shangazi: Mama ana miaka 66, atajifunzia wapi?

Shikamoo Shangazi. Mi naishi Mbagala Kizuiani na mama yangu, ana miaka 66, alikuwa anauza vitenge Tandika mpaka magoti yakamkatalia. Shule aliishia darasa la nne, kusoma anasoma ila polepole sana. Sa hivi yuko ndani tu na tivii siku nzima, akitaka kununua umeme au kutuma hela kwa simu mpaka wajukuu watoke shule, na juzi tapeli kampigia kamliza 80,000 maana namba ya siri alimtajia mwenyewe. Nikisema nimtafutie pa kujifunza, anko wangu anasema mtu wa umri huo ajifunze ili iweje. Alafu nilisikia redioni kuna miji ya kujifunza, hiyo ni ya Ulaya tu au na sisi tunaweza?
Msomaji, Mbagala

Marahaba mwanangu. Naanza na anko wako maana wenye mawazo kama yake wako wengi na yanawaumiza wazee wetu. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 uzee unaanzia miaka 60, sawa, ila mtu wa 66 anaweza kuwa na miaka 15 au 20 mbele yake, na yote hiyo atakuwa ananunua umeme kwa simu, anapokea hela kwa simu, anasoma maelezo ya dawa ya presha. Ajifunze ili iweje? Ili hela yake isiibiwe tena, basi.

Na kuna la kichwa pia. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na humo kuna elimu ndogo, kukaa bila watu, masikio yasiyosikia vizuri na macho yasiyotibiwa. Sisemi darasa ni dawa, ila huyo mama kukaa na tivii kutwa nzima peke yake hakumpumzishi, kunamchosha vibaya.

Sasa hiyo miji. Ni mtandao wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wa miji inayowapa watu wa rika zote nafasi ya kujifunza, mkutano wake mkubwa wa kwanza ulikuwa Beijing 2013, na si ya Ulaya tu, Bahir Dar ya Ethiopia ilikuwa kwenye miji 12 ya kwanza kupewa tuzo mwaka 2015. Mi nawapenda Cork ya Ayalandi, nao walipata tuzo hiyo hiyo, kwa sababu hawakuishia kusema mji, walishuka mpaka mitaani, maeneo kama Knocknaheeny, wakakutanisha shule, vikundi vya kina mama na watu wa elimu ya watu wazima wa eneo moja wapange pamoja.

Lakini mwanangu hayo sisi tulishayafanya. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 wakawa wanakaa vikundi vikundi wanasikiliza redio, wanajadili, kisha wanaenda kuchimba vyoo kweli. Wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 67 mwaka 1967, kufika 1986 takwimu za serikali zikasema wamebaki chini ya 10. Waulize wazee hapo Mbagala, wengine walisoma ngumbaru hao hao, na mwalimu wao alikuwa kijana wa jirani tu. Inaniuma kuona tunasubiri tuletewe kama kitu kipya.

Kwa mama yako jambo la kwanza ni umbali. Maktaba Kuu pale Bibi Titi ipo tangu 1967 na ni nzuri, ila kwa magoti yale toka Kizuiani ni safari ya kumkatisha tamaa. Darasa lazima liwe mahali anapofika kwa miguu. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe chumba siku moja kwa wiki saa nne asubuhi, jua halijawa kali na kazi za nyumbani zimepungua, muone na Afisa Elimu Kata umuulizie madarasa ya MUKEJA, hayo ni ya watu wazima na yapo kwenye mfumo wa serikali. Kama hakuna karibu anzeni na kina mama watano. Ila kabla ya yote mpeleke akapimwe macho, tafadhali, wazee wengi wanaambiwa hawaelewi kumbe herufi hawazioni, na kwenye simu muwekee maandishi makubwa. Viti viwe na egemeo. Choo kiwe karibu, maana mwenye kisukari akikosa choo harudi wiki ijayo na hatasema kwa nini.

Msianze na a e i o u, mtamdhalilisha. Waanze na hela ya simu, kusoma meseji ya muamala, kumtambua tapeli. Mwalimu awe binti aliyemaliza kidato cha nne yuko nyumbani tu, mwenye subira, na hapa ndipo penyewe: mama naye amfundishe huyo binti biashara. Mtu aliyeuza vitenge Tandika anajua mteja gani wa kumkopesha na yupi wa kumkatalia, anapiga hesabu ya faida kichwani, hayo binti hakuyapata shuleni. Mtaa unaojifunza ni huo, mzee akiwa mwanafunzi tu kila siku atajiona mzigo.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, Kimara. Nataka kufundisha vijana bure ila naogopa wazazi watadhani ni tuisheni ya kulipia, na serikali ya mtaa wanasema hawana bajeti.
Mwalimu M.

Mwalimu, usiwaombe bajeti, omba meza na saa mbili za Jumamosi. Tangazo lisomwe msikitini na kanisani kwamba ni bure, na kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, mwenyekiti aliweke yeye maana wazazi watamuamini. Pokea na mafundi na mama ntilie, hesabu za mtaji na riba za vikoba zinawatesa kuliko watoto wa shule. Na kila anayekuja aandike jina kwenye daftari, siku mkienda kata kuomba chumba cha kudumu watataka kuona hilo.