Majibu kwa Wasomaji: Sinema Bubu Haikuwa Kimya

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho katika chuo kikuu hapa Nairobi. Kikundi chetu kinatayarisha mchezo unaotendeka katika mji mdogo wa chuo nchini Marekani, kati ya mwaka 1905 na 1928, na onyesho moja limewekwa ndani ya jumba la sinema bubu. Mwelekezi wetu anataka watazamaji wa onyesho hilo wakae kimya mbele ya pazia jeupe. Je, ndivyo ilivyokuwa? – Msomaji, Kahawa

JIBU: Mwambie mwelekezi wenu, kwa heshima zote, kwamba akiwanyamazisha watazamaji hao atakuwa ameondoa uhai wa jumba lenyewe. Filamu ndiyo iliyokuwa bubu. Ukumbi ulijaa sauti tangu mlango ulipofunguliwa hadi taa zilipowashwa, na karibu sauti yote hiyo ilitengenezwa papo hapo na watu wa mji huo huo.

Anzeni na jumba. Mwezi Juni 1905, katika mji wa Pittsburgh, ulifunguliwa ukumbi mdogo uliotoza senti 5 kwa kila kichwa, na katika miaka michache kumbi za namna hiyo zilienea Marekani kwa maelfu. Nyingi zilikuwa maduka yaliyogeuzwa: viti vya mbao, piano pembeni mwa pazia, na kibanda cha projekta kilichozungushiwa bati au asbesto kwa sababu mkanda wa wakati huo, uliotengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ulishika moto upesi na ukiwaka hauzimiki kirahisi. Mkanda mmoja ulikuwa na urefu wa futi 1,000 hivi, nao ulimalizika kwa dakika 10 hadi 15, ikitegemea mwendeshaji alivyouzungusha mkono wa projekta. Aliyekuwa na haraka ya kuingiza kundi jingine la watazamaji aliuzungusha upesi, na waigizaji wakakimbia pale walipopaswa kutembea.

Kwa kuwa kumbi ndogo nyingi zilikuwa na projekta moja tu, kila mkanda ulipobadilishwa palibaki pengo, na pengo hilo lingewafaa sana ninyi jukwaani. Zilionyeshwa picha za vioo zenye maandishi, mathalani ya kuwaomba kina mama wavue kofia zao pana ili walioketi nyuma wapate kuona. Kisha alisimama mwimbaji, akaimba wimbo uliokuwa ukivuma huku picha za rangi zikifuatana nyuma yake, na kibwagizo kilipofika ukumbi mzima ukamwitikia. Hebu fikirini ukumbi huo ukiwa umejaa vijana wa chuo waliozoea kuimba pamoja kwenye michezo ya kandanda ya Kimarekani!

Mpiga piano naye alikuwa na kazi isiyo na mapumziko. Mwanzoni alijichagulia mwenyewe nyimbo. Tangu mwaka 1909 hivi kampuni ya filamu ya Edison ilianza kuchapisha mapendekezo ya muziki unaofaa kila filamu, lakini hata hapo mji mmoja haukusikia kilichosikika mji wa pili. Majumba yalipokuwa makubwa, piano ilipisha kinanda kikubwa cha mabomba. Katika mji wa chuo wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, jumba la Michigan Theater lilifunguliwa tarehe 5 Januari 1928 likiwa na kinanda cha aina hiyo kutoka kampuni ya Barton, na kinanda hicho kingali kinapigwa humo mpaka leo.

Kuna jambo jingine ambalo ninyi wanafunzi wa jukwaa hampaswi kulikosa. Hasa kati ya mwaka 1908 na 1912, baadhi ya kumbi ziliajiri msimulizi aliyesimama kando ya pazia na kuieleza hadithi, na nyingine ziliweka waigizaji wa jukwaani nyuma ya pazia wakisema maneno ya watu walioonekana kwenye picha. Msomaji yeyote wa Nairobi aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video akimsikiliza DJ Afro akiwatia maneno ya Kiswahili wapiganaji wa Hong Kong anaijua raha hiyo, na anajua pia kwamba mara nyingi watu huja kumsikiliza msimulizi kuliko kuitazama filamu. Huko Japani wasimulizi wa aina hiyo waliitwa benshi, na majina yao yaliweza kuvutia watu kuliko majina ya waigizaji.

Kuhusu wanafunzi wenyewe, msiwafanye malaika. Mwezi Machi 1908, huko huko Ann Arbor, ugomvi kati ya mwanafunzi na wahudumu wa ukumbi ulioitwa Star ulikua ukawa ghasia: umati mkubwa wa wanafunzi uliupiga ukumbi huo mawe na kuuharibu, na rais wa chuo, James Angell, hakufaulu kuwatuliza.

Nawasihi pia msisahau nani aliketi wapi. Katika majumba mengi ya Marekani, hata ya kaskazini, Mmarekani Mweusi alielekezwa roshani ya juu au safu za pembeni, ingawa senti zake zilikuwa sawa na za wenzake. Katika Chuo Kikuu cha Cornell ndiko wanafunzi Weusi walikoanzisha chama cha udugu cha wanafunzi, Alpha Phi Alpha, mwezi Desemba 1906. Basi mkiweka kijana Mweusi katika mchezo wenu hamtakuwa mmebuni kitu. Jiulizeni tu jinsi alivyojisikia mwaka 1915, wakati filamu The Birth of a Nation iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi waliowatisha na kuwaua watu Weusi, ilipozunguka nchi ikishangiliwa, huku NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kikiipinga mji kwa mji.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba kabla ya Hollywood kutawala, filamu zilitengenezwa hata katika miji ya vyuo. Naona vigumu kuamini. – Mwalimu, Buruburu

JIBU: Amini, mwalimu, na mfano ulio bora ni Ithaca, mji wa Cornell katika jimbo la New York. Mtengenezaji filamu Theodore Wharton alifika huko mwaka 1912, akitumwa na kampuni ya filamu ya Essanay ya Chicago kupiga picha za mchezo wa kandanda ya Kimarekani ya chuo, akakuta ziwa, makorongo na maporomoko ya maji yaliyokaribiana kiasi kwamba mtu angeweza kupiga picha za milima asubuhi na za ufukwe jioni. Alirudi, na mwaka 1914 yeye na ndugu yake Leopold wakaanzisha kampuni yao, kisha wakakodi bustani ya Renwick kando ya ziwa Cayuga, ambayo leo inaitwa Stewart Park.

Hapo zilitoka filamu za mfululizo, zile zilizoonyeshwa sehemu moja kila wiki na kumwacha mtazamaji akihangaikia shujaa wake. Sehemu za The Exploits of Elaine, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 1914 na kumwongezea sifa mwigizaji Pearl White, zilipigwa Ithaca. Vivyo hivyo Patria ya mwaka 1917, iliyowachafua Wajapani kiasi kwamba Rais Woodrow Wilson mwenyewe aliilalamikia. Wanafunzi na wenyeji walichukuliwa kuwa umati wa kwenye picha, na baadaye wangeweza kulipa senti zao kwenda kujitafuta kwenye pazia.

Haikudumu. Majira ya baridi kali hayakufaa kazi iliyohitaji jua, fedha zikapungua, na kufikia 1919 studio ilikuwa imefungwa. Jengo lake lingalipo bustanini.

SWALI: Je, ni sinema iliyoua michezo ya jukwaani katika miji hiyo? Na sisi Nairobi tulikuwa na nini wakati huo? – Msomaji mzee, Ngara

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Sinema iliua aina moja ya jukwaa, na nyingine ikazaliwa chuoni.

Iliyokufa ni ile ya vikundi vya kusafiri. Kabla ya sinema, karibu kila mji wenye kituo cha reli ulikuwa na ukumbi uliojiita nyumba ya opera, hata kama opera yenyewe ilikuwa nadra kusikika humo. Kikundi kilishuka kwenye treni na mapazia yake, kikaigiza usiku mmoja, kikaondoka alfajiri. Tangu mwaka 1896 ratiba za vikundi hivyo zilishikwa kwa kiasi kikubwa na muungano wa wafanyabiashara wachache, na mwenye ukumbi wa mji mdogo hakuwa na sauti kubwa juu ya kile alicholetewa. Filamu ilipokuja, aliona kwamba mkanda hauhitaji chakula wala kitanda cha hoteli, na tiketi ya senti 5 au 10 iliwavuta watu ambao wasingeweza kulipa dola nzima. Kwa miaka kadhaa alichanganya vyote viwili: filamu, mchekeshaji, mwanasarakasi, kisha filamu tena.

Ile iliyozaliwa ndiyo inayonigusa zaidi. Vyuo vilikuwa na maigizo ya burudani tangu zamani, yakiwemo yale ya vyama vya wanaume watupu ambamo vijana walivaa nguo za kike, kama chama cha Triangle cha Chuo Kikuu cha Princeton. Lakini katika miaka ya 1910 walitokea walimu walioamini kwamba tamthilia ifunzwe kwa kuandikwa na kuigizwa, si kwa kusomwa tu. George Pierce Baker alianzisha warsha yake ya uandishi wa tamthilia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1912, na Eugene O'Neill, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia, alikuwa mwanafunzi wake mwaka 1914. Frederick Koch alifanya vivyo hivyo katika chuo kikuu cha Chapel Hill, jimbo la North Carolina, kuanzia 1918, akiwahimiza wanafunzi waandike juu ya watu wa kwao.

Nairobi haikuwa mji wa chuo. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango mwaka 1956. Lakini mwaka 1912, mji ukiwa na umri wa miaka 13 tu, ulijengwa ukumbi wa Theatre Royal kwenye barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, ambao wazee wengi wanaukumbuka kwa jina la Cameo. Na nchi yetu ilikuwa tayari imeonyeshwa kwenye mapazia ya Marekani, kwa ukweli na kwa uongo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipokuja kuwinda huku mwaka 1909, mtengenezaji filamu William Selig wa Chicago alichukua simba mzee, akamtafuta mtu wa kufanana na Roosevelt, akawapa Wamarekani Weusi wa Chicago nafasi za wapagazi, na kupiga filamu ya uwindaji studioni. Mpiga picha Mwingereza Cherry Kearton, aliyepiga picha za kweli hapa, alitoa filamu yake mwaka 1910, na ile ya uongo ndiyo iliyopendwa zaidi.

Kwa wale wa Kahawa: utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ni asilimia 14 tu ya filamu ndefu bubu za Marekani zilizobaki katika umbo lake la asili. Chagueni mojawapo ya hizo kwa mazoezi yenu, mtafuteni mpiga kinanda, na mumwache apige bila kuandikiwa noti.