"Naweza" moja, kazi mbili: kan, mag, moet na hoef kwa anayeanza Kiholanzi

Kiswahili kinakuachia neno moja lifanye kazi mbili. "Naweza kuogelea" ni habari ya ujuzi, "naweza kukaa hapa?" ni kuomba ruhusa. Kiholanzi kimezigawa kazi hizo. Ujuzi, nguvu na nafasi ni kunnen: Ik kan zwemmen. Ruhusa ni mogen: Mag ik hier zitten?

Anayeanza huishika kan na kuipachika kila mahali. Kwenye swali haina madhara makubwa. Wenyeji nao husema Kan ik hier zitten? Mambo huharibika kwenye kukanusha. Je kunt hier niet parkeren (huwezi kuegesha gari hapa) inaweza kumaanisha tu kwamba hakuna nafasi, barabara inachimbwa. Je mag hier niet parkeren maana yake imekatazwa, na faini ipo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitenzi, jiulize: kinachozuia ni hali au ni amri? Hali ni kunnen, amri ni mogen.

Ukishatulia hapo, chukua maumbo. Vitenzi visaidizi vya aina hii ni vitano, pamoja na wa sita, hoeven (wa "si lazima"), mwenye tabia zake:

kunnen: ik kan, jij kunt (au kan), hij kan, wij kunnen; wakati uliopita kon, konden
mogen: ik mag, jij mag, hij mag, wij mogen, mocht, mochten
moeten (lazima): ik moet, jij moet, hij moet, wij moeten, moest, moesten
willen (kutaka): ik wil, jij wilt (au wil), hij wil, wij willen, wilde, wilden
zullen (ahadi, pendekezo): ik zal, jij zult (au zal), hij zal, wij zullen, zou, zouden

Mwangalie hij (yeye, mwanamume). Umefundishwa hij werkt, hij woont, hij drinkt, na sasa mkono unataka kuandika hij kant. Usiandike. Vitenzi hivi vitano havipokei t kwa hij wala zij (yeye, mwanamke). Ile ya moet ni ya shina lenyewe. Hij wilt utaiona hata kwenye ujumbe wa simu wa Waholanzi waliozaliwa huko, lakini kwenye mtihani ni kosa. Kwa u, ya heshima, sema u kunt, u mag, u moet, u wilt. Na jij au je akija nyuma ya kitenzi, t huanguka: kun je, wil je, zul je. Moet je inabaki na yake. Flanders, upande wa Ubelgiji, utasikia zaidi kan je. Usibishane na mtu.

Matamshi yana nafuu kwetu. Oe ni u yetu ya kawaida: moet ni "mut", hoef ni "huf". G ya mogen ni ndugu wa gh ya "ghali", na mwishoni mwa neno, kama kwenye mag, inakwaruza kama kh ya "kheri". Mswahili wa pwani anaipata bila jasho. Ou ya zou ni kama "au". Kigumu ni u ya kunt na zult, ambayo hatuna: sema "i" fupi huku midomo ukiiviringa kidogo.

Sasa sentensi. Kitenzi kisaidizi hukaa nafasi ya pili, na kitenzi chenye maana huenda mwisho kabisa, kikiwa katika umbo lake la kamusi. Katikati ndimo vitu vyote vingine huingia, wakati ukitangulia mahali. Zoezi linalofaa ni kuivuta sentensi moja kama mpira:

Ik moet werken.
Ik moet morgen werken.
Ik moet morgen tot zes uur werken.
Ik moet morgen tot zes uur in het magazijn werken (kesho lazima nifanye kazi ghalani hadi saa kumi na mbili).

Sema kwa sauti, usiandike tu. Kisha tanguliza morgen: Morgen moet ik tot zes uur in het magazijn werken. Moet haikuhama nafasi ya pili. Aliyesogea ni ik. Morgen ik moet ndilo kosa linalodumu muda mrefu kuliko yote, kwa sababu kwetu "kesho lazima nifanye kazi" inakaa sawasawa.

Kiswahili kinakutega mara mbili zaidi. Kwanza, ku- ya "nataka kununua mkate" inakufanya utafute kitu cha kuiwakilisha, nawe unachomeka te. Hapana: Ik wil brood kopen, bila te. Pili, "lazima niende" ina ni- kwenye kitenzi cha pili, ndiyo maana wengine huandika Ik moet ik ga. Mtendaji anatajwa mara moja tu: Ik moet gaan. Lakini mtendaji wa pili akiwa mtu mwingine, kama "nataka uje", unahitaji dat, na kitenzi hukaa mwishoni kikimfuata mtendaji wake: Ik wil dat je komt.

Tumia muda mwingi zaidi kwenye moeten na hoeven, maana hapa kosa linaweza kukugharimu siku ya kazi. "Si lazima" si moet niet. Linganisha maneno ya msimamizi wako:

Je hoeft morgen niet te komen: si lazima uje, pumzika.
Je mag morgen niet komen: huruhusiwi kuja.
Je moet dat niet doen: usifanye hivyo, nakushauri au nakuonya.

Anayetaka kumwambia mwenzake "si lazima ulipe" akasema Je moet niet betalen, Uholanzi ataeleweka kama anayekataza malipo. Sema Je hoeft niet te betalen. Hoeven ndiye anayedai te, na karibu kila mara huandamana na niet, geen au alleen: Je hoeft alleen te tekenen, wewe ni kusaini tu. Kwenye jibu la kukubali huwezi kumtumia. Ukiulizwa Moet ik wachten? jibu ni Ja, dat moet au Nee, dat hoeft niet.

Vitenzi vinavyokatika vipande viwili, kama terugkomen (kurudi), hubaki kimoja baada ya moeten: U moet vrijdag terugkomen. Kwa hoeven, te inaingia katikati: U hoeft niet terug te komen. Duka la dawa ni shule nzuri ya haya yote: U moet de kuur afmaken (maliza dozi), U mag hierbij geen alcohol drinken (pombe marufuku), U hoeft het niet met eten in te nemen (si lazima unywe na chakula).

Mara nyingi kitenzi cha mwisho hudondoshwa kabisa kama maana iko wazi. Ik moet naar huis (lazima niende nyumbani). Ik wil koffie. Mag ik een halfje wit? ndivyo nusu mkate mweupe unavyoombwa. Dat kan, dat mag niet, dat hoeft niet ni majibu kamili. Yakariri kama salamu.

Zullen usiifanye "-ta-" yako. Kwa mipango ya kawaida Mholanzi anasema Ik kom morgen (nitakuja kesho) au Ik ga morgen wassen (nitafua kesho). Ik zal je bellen (nitakupigia simu) ina uzito wa ahadi. Matumizi ya kuanzia nayo ni Zullen we gaan?, yaani "twende?". Zou iweke kwa adabu: Zou u dat kunnen herhalen? (Unaweza kurudia hilo?)

Kwa yaliyopita, kaa kwenye kon, mocht, moest na wilde: Ik kon gisteren niet komen (jana sikuweza kuja). Ipo pia Ik heb niet kunnen komen, yenye vitenzi viwili vya kamusi mwishoni, wala si gekund. Itambue ukiisikia, kuitumia kutakuja baadaye.

Limebaki suala la adabu. Ik wil een afspraak maken (nataka kupanga miadi) kwa mpokea simu wa daktari ni sahihi, ila ni kavu. Ongeza graag: Ik wil graag een afspraak maken. Naye akikuambia U mag even plaatsnemen in de wachtkamer, hakupi ruhusa, anakuelekeza: nenda ukakae. Mwenzako kazini akikuuliza Moet je koffie? hakulazimishi, anakukaribisha kahawa. Wat moet je? ni jambo jingine kabisa, ni "unataka nini wewe?" ya mtu aliyekunja uso. Hiyo ielewe ukiambiwa, usiitumie dukani.