Mdogo wangu ana kesi ya mauaji: dhamana, maelezo ya polisi na kisu cha mchoma nyama

SWALI: Shikamoo wakili. Ninaandika kutoka Njombe. Mwezi wa tatu mdogo wangu, ana miaka 24, aligombana na mwenzake kilabuni wakinywa ulanzi. Mwenzake alivunja chupa akamkata mkononi, naye akanyakua kisu cha mchoma nyama kilichokuwa juu ya ubao wa kukatia akamchoma mara moja tumboni. Yule kijana alifia hospitali siku ya tatu. Mdogo wangu yuko mahabusu. Kila baada ya siku 14 anapelekwa mahakamani, tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Kituoni alisaini maelezo yanayosema "nilimchoma kwa hasira". Tuna hati ya shamba la kumwekea dhamana ila hatuna hela ya wakili. Wengine wanatushauri ayakatae maelezo na aseme hakuwepo, wengine wanasema akubali kosa ili apunguziwe. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba dada, na poleni.

Hati ya shamba irudisheni kabatini. Tanzania kosa la mauaji halina dhamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana kinapingana na Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na hali ikabaki ileile. Kwa hiyo akija mtu na maneno ya "nitaongea na hakimu", mfukuzeni. Hakimu huyo hana hata mamlaka ya kusikiliza kesi hii, ndiyo maana siku ya kwanza mdogo wako aliambiwa asijibu chochote. Kesi yenyewe itasikilizwa na Mahakama Kuu, au na hakimu aliyeongezewa mamlaka maalumu.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa ulivyoeleza, hakuna ubishi kwamba kisu kilishikwa na mdogo wako. Ubishi ni kuhusu dhamira. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinasema muuaji ni anayeua kwa dhamira ovu, na adhabu yake ni moja tu, kunyongwa. Jaji hana pa kuipunguzia. (Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi. Mara ya mwisho watu kunyongwa nchini ilikuwa mwaka 1994, lakini hukumu zinaendelea kutolewa.) Pasipo dhamira ovu, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaanzia chini kabisa hadi kifungo cha maisha. Yaani kazi yote ya utetezi hapa ni kuitoa kesi kwenye chumba cha kwanza kuipeleka cha pili.

Ila msidhani "sikutaka afe" inatosha. Sheria inahesabu kuwa dhamira ovu hata nia ya kumuumiza mtu vibaya. Na kwa kuwa moyo wa mtu hauonekani, Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, ilitaja mambo ya kupimia: silaha ilikuwa ya aina gani na ukubwa gani, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Pima kesi yenu hapo. Kisu na tumbo vinamwelemea. Pigo moja linamsaidia. Kisu kuwa cha mchoma nyama, kilichokuwa palepale juu ya ubao wa kukatia, kinamsaidia zaidi: hakutoka nacho nyumbani. Hukuniambia alifanya nini baadaye. Alikimbia? Alisaidia kumbeba majeruhi? Hilo ningemuuliza kabla ya lolote.

Halafu kuna ugomvi wenyewe. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba kifo kikitokea katika kupigana, kwa kawaida kosa ni kuua bila kukusudia, isipokuwa pawe na mazingira ya kipekee. Kama alichokozwa ghafla akachoma kabla damu haijapoa, sheria inampeleka hukohuko. Na kama alikuwa anajilinda dhidi ya chupa lakini akatumia nguvu kupita kiasi, kifungu cha 18B kinasema wazi kwamba hilo nalo ni kuua bila kukusudia. Ulanzi msiutegemee sana. Ulevi unaweza kuingizwa kwenye hesabu ya dhamira, lakini mtu aliyeweza kuchagua kisu na kumfikia adui yake ni vigumu kusema hakujua anachofanya.

Haya yote yanahitaji kitu cha kushika, na hapa ndipo familia nyingi zinachelewa. Mdogo wako alikatwa na chupa. Je, alipokamatwa alipewa fomu namba tatu ya polisi, PF3, ile ya kwenda nayo kutibiwa? Alishonwa wapi? Niliwahi kumtetea kijana aliyekunja shati kizimbani, miaka miwili baada ya tukio, akamwonyesha jaji kovu kwenye kiganja. Wakili wa serikali aliinuka na kumuuliza swali moja tu: "Kovu hilo ni la lini?" Hatukuwa na karatasi. Kwa hiyo fuatilieni kadi ya hospitali au zahanati, na ya gereza pia kama alitibiwa huko, kidonda kikiwa bado kinaonekana ni kidonda.

Kuhusu maelezo aliyosaini kituoni, ambayo kisheria yanaitwa maelezo ya onyo. Yanaweza kupingwa kama alipigwa, au kama alihojiwa nje ya saa nne za mwanzo tangu akamatwe bila muda kuongezwa kisheria, au kama hakuelezwa haki yake ya kuwa na wakili au ndugu. Pingamizi hutolewa kabla hayajapokelewa kama kielelezo, na jaji huendesha kesi ndogo ndani ya kesi kuamua kama yalitolewa kwa hiari. Lakini dada, kabla ya kuyakataa, yasomeni yote. Je, yanataja chupa? Yanataja nani alianza? Kama yanataja, hiyo "hasira" inayowatisha inaweza kuwa ndiyo njia ya kutokea, maana mtu aliyechoma kwa hasira ya ghafla si aliyepanga kuua. Nimeona washtakiwa wakilipigania karatasi hilo liondolewe, likaondoka na utetezi wao.

Na "hakuwepo" lifuteni kabisa. Kilabu kizima kilimwona. Ukisema hukuwepo, huwezi kugeuka ukasema ulikuwa unajilinda. Jaji atakuona mwongo kwa yote mawili. Isitoshe, mdogo wako halazimiki kuthibitisha kwamba alijilinda. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye mzigo wa kuondoa shaka, yeye anatakiwa kuileta tu hiyo shaka. Uongo ndio unaoiondoa.

Kukubali je? Kukubali mauaji, hapana. Kinachofanyika ni hivi: siku ya kusomewa shtaka Mahakama Kuu, mshtakiwa anajibu kwamba si kweli, ila aliua bila kukusudia. Wakili wa serikali akiafiki, shtaka linabadilishwa, yanasomwa maelezo ya tukio, na jaji anapanga adhabu akiangalia umri, kosa la kwanza na muda aliokaa mahabusu. Ni vizuri wakili wenu amwandikie Mkurugenzi wa Mashtaka mapema kuomba hilo. Kesi kama hii, ikiwa ni kama ulivyoisimulia, inaombeka.

Wakili atapatikana. Kwa mauaji, mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili na mahakama na serikali inamlipa. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huyo anakutana na mteja wakati vikao vimeshapangwa. Kabla ya hapo tafuteni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itawaelekeza. Upelelezi ukikamilika, atasomewa maelezo ya mashahidi na kupewa nakala. Nakala hiyo isipotee. Siku hiyohiyo ataulizwa majina ya mashahidi wake, kwa hiyo yaandaeni sasa.

Kwenda msibani na rambirambi ni utu, nendeni. Haitafuta kesi, kwa kuwa mlalamikaji ni Jamhuri. Lakini msimfuate mchoma nyama kumweleza aseme nini, hilo ni kosa jingine na litamharibia. Andikeni tu majina na simu za waliokuwa wamekaa karibu na ubao ule, hasa aliyeiona chupa ikivunjwa.