Kuvuja mkojo: utajuaje kama tiba inakusaidia?

Swali: Nina miaka 41 na watoto wanne. Nikikohoa, nikicheka au nikinyanyua ndoo ya maji, mkojo hunitoka. Kliniki walinifundisha mazoezi ya Kegel, yaani kukaza na kulegeza misuli ya nyonga inayozuia mkojo, na sasa niko wiki ya tano. Siku nyingine naona nafuu, siku nyingine naloa kama zamani. Shoga yangu kasikia kuna operesheni inayofanikiwa kwa asilimia 90. Nitajuaje kama mazoezi yananisaidia, na hiyo asilimia hupimwaje?

Jibu: Pole sana, dada. Tuanze na hiyo asilimia. Kabla ya kuikubali, uliza: mafanikio kwa kipimo gani, na baada ya muda gani? Kuna watafiti wanaomhesabu amepona yule tu asiyevuja hata tone. Wengine wanamhesabu yeyote anayesema ana nafuu. Wengine humjaza mgonjwa kibofu na kumwambia akohoe. Asipovuja pale kitandani huandikwa amepona, hata kama nyumbani akibeba ndoo bado analoa. Wagonjwa ni walewale, operesheni ni ileile, lakini asilimia zinapishana sana. Uliza na madhara pia. Mwaka 2018 Uingereza ilisitisha matumizi ya kawaida ya wavu wa plastiki unaowekwa kushikilia mrija wa mkojo, baada ya kinamama wengi kulalamikia maumivu na madhara mengine. Mtu anaweza kuwa mkavu kabisa na bado akashindwa kukaa kwa maumivu.

Huku kwetu jambo hili huonekana wazi kwa kinamama wa fistula ya uzazi, yaani tundu kati ya kibofu na uke linalotokana na uchungu wa muda mrefu. Baada ya upasuaji, kibofu hujazwa maji yenye rangi ya buluu. Yasipopenya ukeni, tundu limeziba. Kwenye faili, upasuaji umefanikiwa. Lakini baadhi yao huendelea kuvuja kupitia njia ya kawaida ya mkojo, maana mrija na misuli yake viliumia tangu wakati wa uchungu. Mama anayerudi nyumbani na kanga iliyoloa hajapona, faili liseme lisemavyo.

Sasa mazoezi yako. Wiki tano ni mapema mno kuyahukumu. Yape angalau miezi mitatu, mara tatu kwa siku, ukikaza misuli walau mara nane kila mara. Na kabla ya lolote, mwombe mtaalamu ahakikishe unakaza sawasawa. Wapo wengi wanaosukuma chini kama wanaojifungua wakidhani wanakaza, na hao hata wakifanya mwaka mzima tutakuwa hatujaipima tiba.

Siku moja mbaya, au moja nzuri, haithibitishi kitu. Chukua daftari, andika siku tatu mfululizo: saa uliyokwenda chooni, umekojoa mililita ngapi (tumia kikombe chenye alama), umekunywa nini, umevuja mara ngapi na ulikuwa unafanya nini. Rudia baada ya miezi mitatu, katika siku zenye kazi zinazofanana. Tafadhali usijinyime maji. Ukinywa kidogo utavuja kidogo, kisha utayasifu mazoezi bure.

Ukipata mizani ya jikoni ya dijitali, pima pedi kavu pamoja na mfuko wake wa plastiki, kisha pima zilizotumika kwa saa 24 zikiwa zimefungwa vizuri mifukoni. Toa uzito wa kavu kwa kila pedi iliyotumika. Gramu moja ni karibu mililita moja ya mkojo.

Lakini namba za pedi pekee hazinitoshi. Dodoso fupi la ICIQ, linalotumika nchi nyingi, lina alama 0 hadi 21: mara ngapi unavuja, kiasi gani, na tatizo linakusumbua kiasi gani katika maisha yako ya kila siku. Swali hilo la mwisho peke yake lina alama 10, na naliunga mkono kabisa. Kwa hiyo andika leo, kwa maneno yako, unachotaka kukifanya tena: kucheza harusini, kusafiri kwa basi, kuswali bila wasiwasi. Miezi mitatu ikiisha, nenda kliniki na daftari hilo, na hapo ndipo mzungumzie operesheni kama bado unaihitaji.

Ukiona damu kwenye mkojo, ukapata homa, au mkojo ukagoma kutoka, usisubiri miezi hiyo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.