Waya kando ya neva: umeme unatulizaje maumivu ya mguu uliokatwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Miezi 14 iliyopita nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali. Kidonda kilipona vizuri, lakini maumivu hayajaniacha. Kigutu kinachoma, na usiku vidole ambavyo sina tena vinabana kama vimefungiwa mlangoni. Nimetumia dawa za maumivu ya neva, gabapentini na amitriptilini. Nasinzia mchana kutwa na maumivu yako palepale. Mashine ya TENS ya kubandika kwenye ngozi hunisaidia nikiwa nimeiwasha tu. Sasa daktari wangu anasema naweza kuwekewa waya karibu na neva, upitishwe umeme kwa siku 60. Kusema kweli naogopa. Umeme unatulizaje maumivu? Hauunguzi neva? Una tofauti gani na TENS? Na nikiwa na waya huo nitaweza kuvaa mguu bandia?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Kabla ya yote nikuambie jambo ambalo wengi waliokatwa kiungo hulibeba kimyakimya: kuumwa vidole usivyokuwa navyo si wazimu wala si kujidekeza. Neva zilizokuwa zikienda kwenye vidole hivyo zilikatwa, lakini kuanzia pale zilipokatwa kwenda juu bado zi hai. Ncha ya neva iliyokatwa hujaribu kuota upya. Ikikosa pa kwenda hujiviringa na kufanya kinundu, tunachokiita nyuroma, na kinundu hicho hurusha taarifa ovyo. Ubongo ukizipokea unajua neva ile ni ya kidole, basi unaumwa kidole.

Sasa umeme. Neva ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi maelfu, na nyuzi hizo hazifanani. Zile nene hubeba habari za mguso kwa kasi ya zaidi ya mita 30 kwa sekunde. Zile nyembamba kabisa, zinazobeba maumivu ya kuchoma, hujikokota kwa mita 1 hivi kwa sekunde. Zote huishia kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba hapo kwenye uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango: nyuzi za mguso zikiwa na kazi nyingi, lango huwabania wabeba maumivu. Wewe mwenyewe unalijua hili tangu utotoni. Ukigonga kiwiko, mkono wa pili unakimbilia kukisugua kabla hujafikiri. Miaka miwili baadaye, Wall na mwenzake William Sweet walichapisha majaribio ya kuchochea neva kwa umeme ili kutuliza maumivu, na kabla ya kuwafanyia wagonjwa walijidunga wao wenyewe sindano za umeme kwenye neva iliyo chini ya jicho. Nadharia ya lango imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini wazo la msingi ndilo tunalofanyia kazi mpaka leo.

Kinachoiwezesha tiba hii ni kitu kimoja: nyuzi nene huamka kwa umeme mdogo kuliko nyembamba. Kwa hiyo tunatafuta kiwango kinachoziamsha nyuzi za mguso na kuziacha za maumivu zimelala. Ukiwashiwa mashine na ukahisi mtekenyo mwepesi, kama chungu wanaotembea, tuko sawa. Ukihisi kuumwa au msuli kukakamaa, ama umeme umezidi ama waya umekaa mahali pasipofaa. Usivumilie kwa heshima. Sema papo hapo.

Kuhusu kuungua, hofu yako ina msingi, kwa sababu umeme unaomwagwa mwilini ukielekea upande mmoja tu huweza kudhuru tishu. Mashine hizi zimetengenezwa kuliepuka hilo. Umeme wake ni mdogo, hupimwa kwa sehemu za elfu za ampea, kila mpigo ni mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, na chaji inayoingia hurudishwa ili isirundikane. Tena katika aina uliyoelezwa waya hauigusi neva, unakaa kando yake. Zamani wapasuaji walikuwa wakifungua nyama na kuizungushia neva kikuku cha chuma, na makovu yaliyofuata yaliwatesa baadhi ya wagonjwa. Siku hizi tunaingiza waya kwa sindano tukiiona neva kwenye ultrasaundi.

TENS inatumia wazo hilohilo, ila umeme wake lazima upenye ngozi, mafuta na misuli. Neva kubwa ya nyuma ya paja, ambayo matawi yake ndiyo yaliyokuwa yakihudumia sehemu kubwa ya mguu wako chini ya goti, imelala ndani kabisa chini ya misuli. Ukiongeza TENS ili uifikie, ngozi inaanza kuuma kabla umeme haujafika. Waya unaruka kikwazo hicho.

Kwa nini siku 60? Maumivu ya muda mrefu huufunza uti wa mgongo na ubongo kuwa wepesi mno wa kushtuka. Lengo ni kuvipa taarifa za utulivu kila siku kwa majuma kadhaa, vijifunze upya, kisha waya utolewe. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watu 28 waliokatwa mguu wenye maumivu kama yako. Katika wiki nne za mwanzo, 7 kati ya 12 waliopata umeme halisi walipungukiwa maumivu kwa nusu au zaidi. Waliowekewa waya bila umeme walikuwa 2 kati ya 14. Baada ya mwaka, waya ukiwa umeshatolewa zamani, 6 kati ya 9 waliofuatiliwa bado walikuwa na nafuu hiyo. Ni idadi ndogo na hainipi haki ya kukuahidi kitu, lakini kwa maumivu yaliyoshinda dawa mbili naiona ni sababu ya kutosha ya kujaribu. Angalia pia upande wa pili: watano kati ya wale 12 hawakufikia nusu.

Hapa ndipo ninapotaka usikilize kuliko kwingine kote. Waya mzuri kwenye neva isiyohusika ni kazi bure. Kabla hujakubali, hakikisha kigutu kimekaguliwa kwa mikono, siyo kwa picha tu. Uvue mguu bandia, daktari atazame ngozi, abonyeze mfupa, agongegonge kwa ncha ya kidole kutafuta nyuroma. Akiigonga utajua: shoti itapiga mpaka kwenye kidole usichokuwa nacho. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyetumwa kwangu kuwekewa waya, kumbe tatizo lilikuwa kikombe cha mguu bandia, yaani sehemu kigutu kinamoingia, kilichokuwa kikibana ncha ya mfupa. Kilitengenezwa upya, akaenda zake. Baada ya ukaguzi huo, omba sindano ya ganzi kwenye neva inayoshukiwa. Maumivu yakizimika kwa saa chache, tumepata pa kulenga. Yasipozimika, muulize daktari wako anategemea nini kuchagua neva hiyo, na usione aibu kuuliza.

Siku yenyewe hutalazwa usingizi, maana tunakuhitaji uongee. Unachomwa ganzi kwenye ngozi, sindano inapelekwa taratibu, umeme unawashwa kidogo, unaulizwa: unahisi wapi? Naipenda sana dakika ile. Mtu amelala kifudifudi, ananyamaza, kisha anasema polepole, "Vidole. Vidole vinatekenywa." Vidole hivyo havipo, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi havimuumi. Hapo tunajua waya umefika. Huenda ukahitaji nyaya mbili, moja ya neva ya nyuma ya paja na nyingine ya neva ya mbele inayopita kinenani, kulingana na maumivu yako yalipo.

Madhara yapo. Ngozi inaweza kuwasha au kuwa nyekundu chini ya plasta, waya unaweza kusogea na mtekenyo ukahama, na maambukizi hutokea kwa wachache. Pia waya mwembamba huu unaweza kukatika wakati wa kutolewa na kipande kikabaki ndani. Ikitokea, omba uandikiwe, na uyaonyeshe maandishi hayo popote utakapotakiwa kufanya kipimo cha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku kali. Waya ukiwa mwilini, usikubali matibabu ya mashine ya kupasha joto ndani ya mwili ambayo baadhi ya wataalamu wa viungo hutumia, kwa sababu chuma kikipata joto kinaunguza nyama inayokizunguka. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, taja kabla ya kupewa tarehe.

Tena usipime mafanikio kwa namba ya maumivu peke yake. Kuanzia leo andika kwenye daftari: nimelala kwa muda wa saa ngapi, nimevaa mguu bandia kwa muda gani, nimemeza vidonge vingapi. Mtu anaweza kusema maumivu yametoka nane hadi sita kwenye kipimo cha kumi, ukadhani hakuna kitu, kumbe sasa analala usiku mzima. Na dawa usiziache ghafla siku waya unapowekwa. Zipunguzwe na daktari, hatua kwa hatua.

Mguu bandia utauvaa. Nyaya zako zitatokea pajani au karibu na kinena, juu ya ukingo wa kikombe, ilimradi mahali hapo papangwe mapema. Siku ya miadi nenda na mguu wako bandia, uuvae, usimame, ukae, na daktari achore kwa kalamu mstari wa ukingo na wa mkanda kabla hajagusa sindano. Kuoga ni kwa kufunika plasta isiingie maji. Kuogelea na kujiloweka kwenye beseni subiri siku 60 ziishe na vitundu vya ngozi vifunge.