Je, fao la upotevu wa ajira linakula faida ya kampuni?

Swali: Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi Dar es Salaam. Tunakaribia kupunguza wafanyakazi, na mkurugenzi anataka waandike barua za kujiuzulu. Anasema wakidai fao la upotevu wa ajira NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, gharama itaturudia. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, na nakuomba umzuie kabla barua hazijasainiwa.

Hofu hiyo ina msingi Marekani. Kule mwajiri hulipa kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, na majimbo hupanga kiwango kwa kuangalia historia yake: anayeachisha wengi hupandishiwa. Ndiyo maana waajiri wengi wa huko hupinga madai. Kwetu mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi akikatwa isiyozidi 10, na kiwango hakipandi hata mkipunguza nusu ya watu.

Sasa mchukue mfanyakazi wa shilingi 900,000. Akiwa amechangia miezi 18 au zaidi, anastahili theluthi ya mshahara kwa miezi sita, yaani takribani 300,000 kila mwezi, jumla 1,800,000. Sharti mojawapo ni kwamba hakuacha kazi kwa hiari yake. Barua ya kujiuzulu inamnyima fedha yote, na mchango wenu haupungui hata senti. Huko ni kumuumiza mtu bure.

Kinachogusa vitabu vyenu ni kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, ukomo miaka 10. Aliyekaa miaka sita analipwa siku 42, mbali na notisi na likizo ambayo hajachukua. Kama lengo ni kukwepa hayo, mwambie kujiuzulu kwa kushurutishwa kunaweza kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) na kuamuliwa kuwa ni kuachishwa kazi isivyo halali. Fidia yake huwa nzito kuliko kiinua mgongo.

Hata kwa mizania, fao linaweza kumsaidia mwajiri. Watafiti wa fedha Agrawal na Matsa, katika utafiti wa 2013, walionyesha kuwa majimbo ya Marekani yalipoongeza mafao, kampuni zilithubutu kukopa zaidi, hasa zile zinazopunguza watu mara kwa mara. Mfanyakazi mwenye kinga hadai nyongeza kubwa ya mshahara kufidia hatari ya kupoteza kazi. Kwa fao letu la miezi sita nisingetarajia athari kubwa hivyo.

Kaeni na wafanyakazi au chama chao kwanza, kama sheria inavyotaka, kisha kila barua iandike wazi: ajira imesitishwa kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi.