Biashara Zama za Akili Mnemba: Ikiharibika, Nani Ataulizwa?

Ninaendesha ofisi ndogo ya kutafsiri na kuhariri nyaraka: mikataba, maelezo ya dawa, vyeti, miongozo ya mitambo. Ni kazi ambayo akili mnemba iliivamia mapema. ChatGPT, mtambo wa akili mnemba unaoandika unachouagiza, ilifunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, na haukupita muda mrefu wateja wa vipeperushi na barua za kawaida wakaanza kupotea. Hawakulalamika wala hawakuaga, waliacha tu kuleta kazi. Wa mikataba na dawa walibaki. Baadhi yao siku hizi huja na tafsiri iliyokwisha kufanywa na mashine, wakitaka niipitie kisha niitie sahihi na muhuri. Maandishi wanayo tayari. Wanachokosa ni mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika.

Ukitaka biashara yako ikae, anzia kwenye swali hilo. Februari 2024, baraza la kusuluhisha madai huko British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe fidia abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi na roboti ya mazungumzo ya tovuti yake kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Kampuni ilijitetea kana kwamba roboti ile ni kiumbe kinachojitegemea, chenye kubeba makosa yake chenyewe. (Utetezi huo mimi nisingethubutu kuutoa hata nyumbani mbele ya wanangu.) Baraza halikuukubali. Mashine haishitakiwi, wala haina jina la kulinda. Wewe unalo, na hapo ndipo pa kuweka bei yako.

Zamani nilitoza kwa idadi ya maneno, kama wengi katika kazi hii. Nimeacha, kwa sababu bei ya maneno inazidi kushuka kila mwaka. Machi 2023 OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliwatoza waunda programu dola 30 kwa kila tokeni milioni moja, yaani vipande vya maneno, walizoingiza kwenye mtambo wake wa GPT-4. Julai 2024 ikatoa GPT-4o mini, ndogo zaidi lakini inayotosha kwa kazi nyingi za kila siku, kwa senti 15 za dola kwa tokeni milioni hiyo hiyo. Kushindana na bei hizo hakuna mwisho mwema kwako. Sasa ninatoza kwa kuangalia hasara itakayotokea nikikosea. Ukurasa mmoja wa vipimo vya dawa una bei kubwa kuliko kurasa kumi za hotuba ya kukaribisha wageni.

Epuka pia kuuza kitu ambacho mwenye mtambo wa akili mnemba anaweza kukiongeza kwenye huduma yake usiku mmoja. Mei 2023 hisa za Chegg, kampuni ya kuwasaidia wanafunzi na kazi za masomo, zilianguka karibu nusu kwa siku moja, baada ya mkuu wake kukiri kwamba ChatGPT inapunguza wateja wapya. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tumia mitambo hiyo, mimi naitumia kila siku, lakini kumbukumbu zako ziwe zako. Mimi ninatunza faharasa ya kila mteja: istilahi alizozikubali, alizozikataa na sababu zake, katika faili ninazoweza kuzihamishia popote. Na usiingize nyaraka za siri za mteja kwenye mtambo kabla hajakubali kwa maandishi.

Jambo linaloniumiza kichwa zaidi ni wanagenzi. Kazi nyepesi walizojifunzia ndizo zilizochukuliwa. Kishawishi ni kuwakabidhi rasimu za mashine tangu siku ya kwanza wazipitie, na hesabu za mwezi zinakubaliana na wazo hilo. Mimi sifanyi hivyo. Kwanza watafsiri wenyewe, wahangaike, ndipo tulinganishe. Kosa la mtu mara nyingi hujitangaza, sentensi inachechemea na jicho linasita. Kosa la mashine huja limevaa suti. Sentensi inateleza vizuri, kumbe "ndani ya siku 30" imegeuka "baada ya siku 30", au kikanusho kimedondoka na mpangaji aliyekatazwa sasa ameruhusiwa. Asiyewahi kuhangaika na sentensi hiyo mwenyewe ataipita akitabasamu. Mafunzo haya yananila muda na fedha, nami nayahesabu kuwa gharama ya kazi kama umeme. Ofisi isiyozalisha wajuzi leo, kesho itatia sahihi vitu ambavyo hakuna mtu ndani yake anayevielewa.

Matangazo sina mengi ya kusema. Wateja wangu wazuri wameletwa na wateja wengine.

Bado utakutana na anayesema, "Mashine imeshafanya, wewe pitia tu, nipunguzie." Usikasirike, ana hoja. Muda wa kuchapa umepungua kweli, na huo nampunguzia. Muda wa kusoma mstari kwa mstari dhidi ya nakala ya asili haujapungua, na wakati mwingine rasimu mbovu huurefusha. Kwa hiyo nampa njia mbili: kupitia juu juu bila sahihi, kwa bei ndogo, au ukaguzi kamili wenye sahihi, muhuri na ahadi kwamba kosa likitokea narekebisha kwa gharama yangu. Wapo wanaochagua ya kwanza. Ninawahudumia bila kinyongo, ila nyaraka hiyo haitoki na jina la ofisi.